Usinirudishe Kwetu

"Wembe, kuna nini humu? Mbona kuna harufu?"

Mteja alikuwa amefungwa kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Kinyozi alizima mashine, akashika tumbo juu ya shati, akahisi majimaji ya moto. Mfuko uliobandikwa tumboni ulikuwa umeachia.

"Nakuja," alisema, akatoka kwa mlango wa nyuma na aproni yake mwilini.

Saluni ilikuwa moja, pazia katikati: huku wanaume, kule wanawake. Kule, mke wake alikuwa anamsuka mtu, na alisikia kila kitu. Alifumba macho kidogo, kama anayetamani akiyafumbua awe kwingine.

"Dada," yule mteja aliita, "na mimi nibaki hivi hivi? Nina kikao."

"Nakuja kukumalizia."

"Kwani unajua kunyoa?"

"Leo najua."

Ilikuwa miezi kadhaa sasa tangu utumbo wa mumewe ujisokote, akakimbizwa hospitali. Walikata kipande kilichoharibika, na choo kikawa kinatokea kwenye kitundu upande wa kushoto wa tumbo, kinaingia kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Daktari alisema huenda akaishi nao maisha yake yote.

Wembe, jina alilopewa na wateja kwa wepesi wa mkono wake, alirudi nyumbani mtu mwingine. Mfuko aliubadilisha bafuni, mlango kaukomea. Chakula alikula kidogo kidogo kama anamwibia mtu. Usingizi aliuhamishia kwenye kochi. Mkewe akabaki anafua, anapika, anasuka vichwa vya watu, kisha analala peke yake kwenye kitanda cha watu wawili.

Siku hiyo alimaliza vichwa vyote viwili, akafunga saluni mchana kweupe. Hata hajafika mbali, simu ikaita. Kaka yake mkubwa.

"Dada, mama hajisikii vizuri. Njoo ukae naye. Beba nguo za kutosha."

"Anaumwa nini? Nipe niongee naye."

"Amelala."

"Mama alale saa hizi?"

"Wewe njoo tu, dada yangu."

Alikata, akapiga simu ya mama yake mwenyewe. Ilipokelewa papo hapo.

"Mama, unaendeleaje?"

"Mimi? Niko nje naanua nguo, naona wingu linakuja. Vipi, mwanangu, mbona sauti hivyo?"

"Nimechoka tu, mama. Nitakupigia."

Alimpigia tena kaka yake. Safari hii hakusalimia.

"Kaka, nani kakutuma unidanganye?"

Kaka yake alianza kuuliza habari za saluni.

"Kaka!"

"Shemeji, mumeo," kaka yake alisema kwa sauti ya chini. "Aliniomba sana. Ngoja nikutumie ujumbe wake uusome mwenyewe. Mimi mambo ya watu wawili yananishinda."

Ujumbe ukaingia. Aliusomea kando ya barabara, watu wakimpita huku na huku:

"Shemeji, naomba umchukue dada yako. Bado kijana, anaweza kuanza upya. Usimwambie nimekuomba mimi. Sema mama mgonjwa, kwa hilo atakuja. Akishazoea huko nitamweleza mwenyewe."

Alipofika nyumbani alikuta maji yanachuruzika bafuni na komeo limefungwa.

"Fungua, Wembe."

"Nenda saluni. Nitakuja."

"Nimeshafunga. Fungua mlango."

"Niache, mke wangu. Nimechafuka."

"Mama hajambo," alisema.

Maji yakazimwa.

"Nasema mama hajambo. Anaanua nguo. Sasa niambie, mume wangu, ungenirudisha kwetu kwa kumzushia mama yangu ugonjwa?"

"Nilijua nikikwambia uende, hutaenda."

"Kwa hiyo ukaona unidanganye."

"Nilikusikia ukilia jikoni juzi. Unadhani sioni? Umekonda. Ulitaka mume, umepata mgonjwa anayenuka mbele ya wateja."

Mwanamke alijiegemeza kwenye mlango, akateleza taratibu mpaka akakaa sakafuni.

"Nililia kwa sababu nimechoka. Kwani mimi siruhusiwi kuchoka? Nimechoka na kazi. Nimechoka na hilo kochi. Nimechoka kuongea na ubao wa mlango kila siku wakati mume wangu yuko nyuma yake. Wewe sijakuchoka. Ila kama wewe umenichoka, toka useme usoni kwangu, nitabeba nguo zangu mwenyewe. Usimtumie kaka."

Komeo likalia.

Wembe alikuwa amejifunga taulo kiunoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwenye tumbo, kitundu kilikuwa wazi, chekundu na chenye unyevu kama ndani ya mdomo, na ngozi ya kukizunguka ilikuwa imechubuka vibaya.

"Haya, ona," alisema. "Si ulitaka kuona?"

Mkewe hakugeuza uso. Alinyanyuka, akasogea, akainama.

"Inauma hapa?"

"Inawaka moto."

"Na hukusema!"

"Ningesemaje?"

"Kwa mdomo." Aliokota kipande cha kubandikia mfuko kilichoachia. Tundu lililokatwa katikati lilikuwa pana mno. "Mbona unakata kubwa hivi?"

"Nakata vile vile walivyonikatia wodini."

"Wodini ulikuwa umevimba. Nesi alisema kinapungua kadiri unavyopona, upime upya kila mara. Hukumsikia?"

"Siku ile sikusikia chochote. Nilikuwa naangalia uso wako."

"Uliona nini?"

"Uliogopa."

"Niliogopa kweli. Nilidhani utakufa."

Alimwosha kwa maji ya uvuguvugu, akamkausha kwa kugusagusa tu, kama nesi alivyowaonyesha. Alikipima kitundu, akakata duara dogo. Alipokuwa anabandika mfuko mpya, kitundu kikatoa mlio mrefu, prrrrr.

Mwanaume aliziba uso kwa mikono. "Samahani. Siwezi kukizuia."

"Ndiyo kinanisalimia au kinanifukuza?"

Alimtazama kupitia vidole. Akaona mabega ya mkewe yanatikisika. Kicheko kikamponyoka na yeye, akalishika tumbo kwa maumivu, na kicheko kile kikageuka kilio katikati ya safari. Mkewe alimshikilia hivyo hivyo, mkono mmoja bado umekandamiza mfuko ushike vizuri.

"Nisamehe kwa habari ya mama," mume alisema.

"Utamwomba radhi kaka pia. Umemfanya mwongo."

"Nitampigia."

"Mpigie sasa hivi, nikiwa nasikia."

Alipiga. Alimwomba shemeji yake radhi, akamwambia asikubali tena kutumwa. Upande wa pili ulicheka kwa unafuu, ukasema mjipange wenyewe huko, mimi nimetoka.

Mwanamke alikwenda sebuleni, akakunja shuka la kwenye kochi, akachukua mto, akavipeleka chumbani. Mumewe alibaki amesimama mlangoni.

"Na ikivuja kitandani?"

"Tutafua."

"Na kesho ikivuja tena?"

"Wembe, tutafua. Njoo ulale, sina nguvu ya kubishana."

Alipanda kitandani taratibu, upande wake wa zamani. Mkewe hata viatu hakuvua. Walilala jua likiwa bado halijazama, mkono wake juu ya tumbo la mumewe, kando kidogo ya mfuko.