Mhariri Haonekani

Kichotakumbu kilinguruma kwa dakika nne tu, na miaka sabini ya Bi Kalunde ikawa picha za kukatwa filamu fupi thelathini.

Mtambo wenyewe ulikuwa kofia isiyozidi ukubwa wa sufuria ya wali. Ulichota kumbukumbu ubongoni na kuzigeuza picha, mhariri akazikata hadi dakika tatu tatu, kisha zikarudishwa kichwani kwa mwenyewe zikiwa safi. Tabora nzima ilikuwa imepagawa. Watu walipanga foleni kana kwamba wanagawiwa sukari.

Nyamizi, mhariri hodari kuliko wote studioni, ndiye aliyemleta mama yake. Bi Kalunde alikuwa ameanza kusahau, na binti yake alitaka kumwokolea yale yaliyobaki kabla hayajapotea.

Studio ilikuwa na mwiko mmoja, na Nyamizi alikuwa akiwafokea wanafunzi kuuhusu: mhariri haonekani kwenye filamu aliyoikata. Kujionyesha ni ushamba. Basi kwa wiki tatu alijiondoa yeye mwenyewe: kwenye harusi ya kaka yake Kapufi, kwenye mizinga ya nyuki porini, hata kando ya kitanda siku baba yao alipokata roho. Alifanya kazi safi mno, huoni hata mshono, na alijivunia.

Siku ya kurudisha, fundi Malambo alimvua mama kofia taratibu. Bi Kalunde akafumbua macho, akacheka.

"Nyuki! Hadi mlio wao nausikia!"

Watu wakapiga makofi. Nyamizi akapiga magoti mbele yake, machozi ya furaha yakimlenga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Mmenifanyia kazi nzuri. Nawe unafanya kazi hapa?"

Nyamizi alicheka akidhani anataniwa. "Mama, si mimi Nyamizi!"

"Jina zuri hilo. Mama mkwe wangu aliitwa hivyo. Niliapa nikipata binti nitampa." Bi Kalunde akatikisa kichwa. "Mungu hakunijalia. Nilimpata Kapufi tu."

Nyamizi aliacha kucheka. Akamgeukia Malambo, na fundi akakwepa macho yake.

"Malambo, kuna nini?"

"Ubongo hauweki nakala mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Ukipokea mpya, unaifuta ya zamani."

"Mlijua?"

"Kwa vitu vidogo. Ukuta, paka, jirani aliyepita. Hakuna aliyewahi kumkata mtu mmoja kwenye filamu zote."

"Mabaki! Rudisha vile vipande nilivyokata!"

"Uliagiza vifutwe jana, Nyamizi. Sahihi ni yako."

Nyamizi aliketi sakafuni kama alivyo, akalia kwa sauti mbele ya wateja na wanafunzi wake, wala hakuona aibu. Miaka thelathini na minne ya kubebwa, kuchapwa na kuombewa, na alikuwa ameikata kwa mkono wake, kipande kwa kipande, akipiga mluzi.

Bi Kalunde akainuka, akamwinamia, akamfuta machozi kwa ncha ya khanga yake. Alikuwa na huruma kwa kila mtu, hiyo haikufutika.

"Nyamaza, binti. Nani kakutenda hivi? Mama yako yu hai?"

"Yu hai," Nyamizi alijibu.

"Basi nenda kwake."