Maji Baridi ya Futari

Kila alasiri ya Ramadhani, Mwanatabu alipotoka chuo cha Kurani alipita nyuma ya kiwanda cha barafu pale Likoni, alikofanya kazi baba yake. Alibeba kapu lenye chupa za maji ya ukwaju. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha majuzi tu, na mtaani kwao hapakuwa na mtu mwenye friji. Lakini ukutani mwa kiwanda lilipita bomba nene lililoganda barafu. Mwanatabu aliziegemeza chupa zake hapo, na kabla ya magharibi maji yalikuwa baridi ya kuumiza meno. Bibi yake na majirani walimwombea dua kila jioni.

Jambo moja hakumwambia mtu. Bomba lile lilikuwa limefungwa makumbi ya nazi na magunia ili ubaridi usipotee, na baba yake alikuwa amemkanya asiyaguse. Mwanatabu alikata kamba akabandua makumbi kidogo, kwa ajili ya chupa ya bibi tu. Kisha jirani mmoja akaomba chupa yake, na mwingine naye. Akaendelea kubandua mpaka bomba likabaki uchi, likipigwa na jua ukuta mzima. Makumbi aliyatupa kichakani.

Huko ndani kazi ikaharibika. Barafu ilitoka laini, katikati yake maji. Wavuvi walifika mlangoni na samaki wanaonuka, wakapiga kelele mpaka wakapwelewa na sauti. Ishaka, baba yake Mwanatabu, ndiye aliyekuwa fundi wa kompresa, yaani mashine inayovuta gesi kutoka kwenye tangi la barafu na kuisukuma izunguke tena. Aliifungua, akasafisha valvu, akaifunga. Barafu ikatoka laini vilevile. Akaifungua tena, amefunga saumu, ana kiu, na hasira zimemfika puani.

"Katana!" alimwita msaidizi wake.

"Naam, fundi."

"Wewe ndiwe utiaye mafuta mashine hii. Umenifanyia nini valvu zangu?"

"Fundi, Mungu yuaniona. Sikuzigusa."

"Basi zimeguswa na majini? Nenda kwako, usirudi hapa!"

Katana alichukua shati lake msumarini akatoka. Mkewe, Kache, alikuwa ametoka kujifungua.

Mwanatabu alikuwa amesimama dirishani na kapu lake, akasikia yote. Mtoto aliyekwisha kuhitimu juzuu kadhaa, anayesifiwa adabu mtaa mzima, ungetazamia aseme pale pale. Wapi! Alizunguka nyuma akaziweka chupa zake kama kawaida. Alipoligusa bomba karibu na chumba cha injini iendeshayo kompresa, lilikuwa na joto. Hapo akajua, tena akajua vizuri, na bado akanyamaza.

Jioni walipofuturu, Ishaka hakugusa uji.

"Kesho n'taifungua tena," alisema. "Nimechoka! Sijui mashine hii yataka nini kwangu."

Bibi alikunywa ukwaju wake, akainua mikono. "Mungu akuweke, Mwanatabu. Hujapata kumdhulumu mtu."

Mwanatabu aliirudisha tende sahanini. Akaanza kulia.

"Baba, si Katana. Ni mimi. Nimeyabandua makumbi ya bomba nipoze chupa."

Ishaka alishika kichwa kwa mikono miwili. "La ilaha illallah! Mimi nafungua mashine, nafunga mashine, vidole vyote vimechubuka, kumbe mwanangu analivua bomba nguo! Na ukamwona Katana akifukuzwa?"

"Nilimwona, baba."

Asubuhi Ishaka alimpeleka moja kwa moja nyumbani kwa Katana, akamwamuru aseme kwa kinywa chake. Mwanatabu akasema. Kache, mtoto mgongoni, alimtazama kwa uchungu.

"Kisimani wanawake wameshaanza kunong'ona," alisema, "kwamba mume wangu ni mharibifu."

Katana alimgeukia Ishaka. "Nawe, fundi, ulilitazama bomba kabla ya kunifukuza?"

"Sikulitazama," alijibu Ishaka. "Nimekukosea. Nisamehe, ndugu yangu, urudi kazini."

Kiwandani Ishaka aliuweka mkono wa binti yake juu ya bomba. "Kompresa yavuta gesi kupitia bomba hili kama wewe uvutavyo pumzi. Gesi ikiingia baridi huwa imeshikana, kila mvuto ukaleta nyingi. Ikipata joto njiani hutanuka, mvuto ule ule ukaleta kidogo. Injini ikatumika mchana kutwa, na barafu hakuna."

Katana aliyekuwa akilifuata bomba kwa macho alinyoosha kidole. Kipande cha mwisho kilipinda mara kadhaa, kisha kikapita ubavuni mwa bomba la moshi la injini.

"Hapa pana moto tangu zamani," Ishaka alikiri, "nasi tulipita tu kila siku."

Wakakihamisha kipande kile. Wakaweka bomba pana zaidi, lililonyooka, likipita upande wa kivuli. Mwanatabu alipewa kazi ya kupondaponda makumbi mapya, akapata malengelenge, na hakuna aliyemhurumia. Barafu ilipotoka ilikuwa ngumu hadi kiini, tena iliwahi kuliko ilivyokuwa kabla hajagusa bomba, na dizeli ikatumika kidogo zaidi.

Mwanatabu akatabasamu. "Baba, basi si imekuwa heri?"

"Heri gani!" Ishaka aliitupa spana chini. "Bomba nimelitengeneza. Jina la Katana sina spana ya kulitengenezea. Ungalisema kabla sijamfukuza, kazi yangu ingalikuwa kufunga kamba tu. Ukikosa, sema kabla mtu mwingine hajabeba kosa lako. Umenisikia?"

"Abee, baba. Nimesikia."

Alichukua ndoo akaenda kisimani. Wanawake walikuwa wengi. Hakuteka maji kwanza. Alisimama katikati yao, akaanza kusema ni nani aliyeyabandua makumbi.