Hisa Elfu Tatu, Kura Moja

Solange Wurtz ameuza mikate hapa kijijini Altmatt kwa miaka kumi na minne. Duka lake liko ukuta kwa ukuta na Sanduku. Sanduku ndivyo tunavyoiita benki yetu ya akiba, na babu zetu waliiita hivyo hivyo. Asubuhi wazee hufika dirishani kuchukua pensheni, kisha huingia kwa Solange noti zikiwa bado mkononi. Hununua mkate mrefu, pengine na kipande cha keki ya zabibu kavu, na husengenyana hadi kahawa iishe. Duka linaishi kwa wateja hao.

Ijumaa moja ya mwezi wa Machi, baada ya chakula cha mchana, Solange alikuwa akitafuta bili ya umeme kwenye droo. Akakuta barua ya Sanduku. Ilikuwa na wiki tatu na hakuna aliyeifungua. Aliipasua kwa kisu cha mkate, akaisoma, akairudia, kisha akaketi juu ya gunia la unga.

"Armand! Hii barua iliingia lini?"

Mumewe alikuwa akivaa viatu arudi kazini. Anafanya kazi katika mizabibu ya Bwana Kuentzler.

"Ipi? Aa, hiyo ya mkutano. Si ile ile ya kila mwaka?"

"Hebu soma mstari wa nne."

Armand alisoma. Bodi ilipendekeza Sanduku la Altmatt liunganishwe na Sanduku la mjini. Dirisha la Altmatt lingefungwa mwezi wa Juni. Wanachama wangepiga kura ukumbini, Ijumaa, saa kumi na mbili jioni.

"Ijumaa hii?" aliuliza.

"Leo, Armand. Leo!"

Solange alikumbuka vizuri posta ilipofungwa. Watu walianza kwenda mjini kuchukua vifurushi vyao, kilomita kumi na tisa, na wakiwa huko huko wakanunua nyama. Mwaka haukuisha, muuza nyama wetu akafunga. Wakienda mjini kuchukua pesa, watanunua mkate wapi?

Hapa sina budi kusema ukweli kuhusu sisi watu wa Altmatt. Mkutano wa Sanduku tunaupenda, lakini kwa ajili ya chakula. Hotuba huanza saa kumi na mbili. Soseji, kabichi na mvinyo mweupe huja saa moja na nusu. Kwa hiyo sisi hufika saa moja na robo, tumechana nywele vizuri. Kura zimeshapigwa. Tunapiga makofi bila kujua tunamshangilia nani, na tunakaa kula. Aibu yetu wenyewe.

"Hata tukienda mapema, itasaidia nini?" alisema Armand. "Kuentzler anautaka huo muungano. Anataka mkopo mkubwa wa mashine ya kukamua zabibu, na Sanduku letu ni dogo. Yeye ana hisa elfu tatu. Mimi na wewe tuna moja moja, za yuro kumi na tano. Tutakwenda kumwangalia akishinda tu."

"Nani kakudanganya?" ilisikika sauti kutoka mlangoni.

Alikuwa jirani yao, Édith Ruhlmann. Alikaa nyuma ya dirisha la Sanduku miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, na mpaka leo anajua nani ana akiba na nani anajidai tu. Ila hasemi.

"Nani kakudanganya kwamba kura zinahesabiwa kwa hisa?" alirudia. "Kwetu ni mtu mmoja, kura moja. Awe na hisa elfu tatu, awe na moja."

"Hisa?" Solange alishangaa. "Mimi hiyo yuro kumi na tano nilidhani ni ada ya kadi."

"Ada! Ewe mwanamke! Ada inaliwa ikaisha. Hisa ni yako, na ukiondoka unarudishiwa. Miaka yote hii unajiona mteja, kumbe ni mmoja wa wenye benki."

"Mwenye benki gani na mimi sina hata gari zima?"

Édith alicheka, akavuta kiti.

"Sikilizeni, niwaambie upesi, maana saa zinakimbia. Mwaka 1887 mkulima wa hapa akikwama alikwenda kwa mkopeshaji wa mjini. Akishindwa kulipa, ng'ombe anachukuliwa. Wakulima thelathini na wawili wakakutana kwa padri. Kila mmoja akatia alichokuwa nacho, na wote wakaahidi kudhaminiana kwa mali zao. Sanduku la chuma likakaa kwa padri, lina funguo mbili, moja yake, ya pili kwa mwalimu. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Basi, mwenye shamba kubwa akasema, mimi nimetia zaidi, nipewe kura zaidi."

"Wakampa?" Armand aliuliza.

"Wakamkatalia. Wakaandika kwenye katiba. Na huyo alikuwa Kuentzler, babu wa babu yake bosi wako."

Armand hakucheka. Alikuwa akizungusha kofia mikononi.

"Na vijiji vingine?" Solange aliuliza.

"Navyo vikafanya hivyo hivyo. Baadaye masanduku yote yakaunda shirikisho. Moja likiyumba, mengine yanalishika. Sisi tuna bodi yetu, wajumbe tunawachagua wenyewe na hawalipwi mshahara. Mikopo midogo inaamuliwa hapa hapa, na watu wanaokufahamu. Sasa shirikisho linasema dirisha dogo lina gharama kubwa. Sikatai, gharama zipo. Lakini uamuzi ni wetu. Muungano hauwezi kupita bila theluthi mbili ya kura za leo."

"Kwa hiyo tunahitaji zaidi ya theluthi moja tu kuuzuia," Solange alisema polepole.

"Umenipata. Lakini muwe mmesaini daftari la mlangoni kabla ya kura. Mkija saa ya soseji, mmekwisha."

Armand alisimama.

"Wanapiga kwa kunyoosha mkono," alisema. "Kuentzler hukaa mbele na hugeuka kuangalia. Nyinyi mnaongea tu. Mimi Jumatatu ndiye nitakayesimama mbele yake."

Ilikuwa kweli, na Solange aliona aibu kwamba hakuwa amelifikiria.

"Kuna kura ya siri," Édith alisema. "Wanachama kumi wakisimama kuiomba, mwenyekiti hana ujanja."

"Na hao kumi wanasimama kwa siri?"

Armand alitoka bila kuaga.

Saa tisa Solange alifungua tena duka. Kila aliyenunua mkate aliondoka na maneno. "Saa kumi na mbili kamili, mama, sio saa ya kula!" "Una hisa? Basi una kura!" Baadhi walicheka. Mmoja alimwambia, "Solange, umeanza siasa?" Naye akajibu, "Siasa gani, nalinda unga wangu."

Saa kumi na moja alipanda juu kwa mama mkwe wake, Hortense. Nyonga zilikuwa zimemlaza tangu Krismasi.

"Mama, nisainie karatasi hii. Nikupigie kura yako."

"Mimi nimetunza akiba humo tangu nilipokuwa msichana. Tukikataa huo muungano, pesa zangu zitapotea?"

"Hapana, mama. Nimemuuliza Édith. Tuungane, tusiungane, sheria inailinda akiba ya kila mtu hadi yuro laki moja katika benki."

"Laki moja! Ningekuwa nazo, ungeniletea supu ya moto," Hortense alisema, akasaini.

Solange na Édith walifika ukumbini saa kumi na mbili kasorobo. Armand alikuja peke yake, akakaa mstari wa nyuma karibu na mlango. Solange alihesabu vichwa mpaka akachanganyikiwa. Mwenyekiti alisema waliohudhuria na waliowakilishwa ni mia moja arobaini na wanane. Mwaka uliopita, saa hiyo, walikuwa arobaini.

Hotuba zilikuwa ndefu. Kisha mwenyekiti akasema, "Sasa tupige kura kwa mikono, tusicheleweshe chakula." Kuentzler, aliyekuwa mstari wa mbele, aligeuza kiti chake kidogo akatazama nyuma.

Solange alisimama. Alishika kiti cha mbele.

"Naomba kura ya siri."

Mwenyekiti alifungua katiba, akapitisha kidole.

"Inawezekana. Wanaoiomba wasimame. Wanatakiwa kumi."

Édith alisimama papo hapo. Akafuata mwalimu wa shule. Halafu mzee mmoja na mkewe, wameshikana mikono. Watano. Fundi wa mapipa. Dada wawili wa bustani ya maua. Wanane. Kwa muda mrefu hakuna kilichosogea isipokuwa saa ya ukutani. Mjane wa muuza nyama akainuka taratibu, akisema kwa sauti, "Mimi nilishafungiwa mara moja." Tisa.

"Tisa," mwenyekiti alisema. "Kama hakuna mwingine..."

Kiti kilikwaruza sakafu kule nyuma. Solange hakuthubutu kugeuka. Alimwona Kuentzler akikunja uso, na hapo akajua ni nani aliyesimama.

"Kumi," mwenyekiti alisema.

Karatasi zilikunjwa, zikatiwa kwenye chombo. Solange alitia mbili, yake na ya mama mkwe wake. Kuentzler alitia moja. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nikaona kwa macho yangu: hisa elfu tatu, karatasi moja.

Kuhesabu kulichukua robo saa. Sijawahi kuona watu wa Altmatt wakisahau harufu ya soseji namna ile.

"Wanaokubali muungano, tisini na wanane," mwenyekiti alisoma. "Wanaokataa, hamsini. Theluthi mbili ni tisini na tisa. Muungano haukupita."

Upungufu wa kura moja. Fanya hesabu mwenyewe: mmoja tu kati ya wale hamsini angebaki nyumbani, kura zingekuwa mia moja arobaini na saba, theluthi mbili yake ni tisini na nane kamili, na dirisha lingekwenda. Mpaka leo kila mmoja wetu anaamini kura ile ilikuwa yake, na wote hamsini tuko sahihi.

Mwenyekiti hakutuacha tushangilie. "Dirisha limebaki, na gharama zimebaki vile vile. Bodi ina nafasi moja. Nani atakuja kufanya kazi bure?" Watu walimtazama Solange. Alichaguliwa kabla hajapata la kusema. Wiki hiyo hiyo bodi iliamua dirisha lifunguliwe asubuhi tatu kwa wiki badala ya tano, ili matumizi yapungue, na wanachama walipie mkutano wenyewe, chakula na vyote.

Jumatatu Armand alikwenda kazini hajala chochote. Kuentzler alikuwa akimngoja kwenye mizabibu.

"Ulisimama," alisema.

"Nilisimama, bwana."

"Ukapiga ipi?"

"Ilikuwa ya siri, bwana."

Kuentzler alimkabidhi kamba za kufungia matawi. "Mstari wa saba bado haujafungwa," alisema, akaondoka zake.

Jumanne saa mbili na nusu dirisha la Sanduku lilifunguliwa, na foleni ilikuwa imefika mlangoni kwa Solange. Kabla ya saa nne mikate yote ilikwisha. Solange aliziangalia rafu tupu, akalia kwa furaha mbele ya wateja, kisha akaenda kukanda mingine.