Kishikio cha Magurudumu

Haya yalimkuta rafiki yangu rubani. Nayasimulia mimi kwa sababu yeye siku hizi hawezi kumtazama mtu usoni. Ndege yake ndogo ilikuwa ya kutua nchi kavu na majini. Siku moja alitua ziwani akiwa amesahau kukunja magurudumu, ikapinduka. Wakining'inia kichwa chini, shemeji yake, aliyekuwa fundi wake, alimwita amfungue mkanda. Yeye akaanza na kishikio cha magurudumu: akakirudisha juu, ionekane aliyakunja, kosa lake lisijulikane. Shemeji akafa maji, na ikasemwa magurudumu yalikwama kwa uzembe wa fundi.

Miezi mitano baadaye mkewe akamwambia, "Baba watoto, kaniletee koti la kaka. Lilibaki kwenye ndege."

Mabaki yalikuwa kwenye banda lisilo na dirisha, makavu, yamejaa vumbi. Akipapasa gizani alisikia matone: to, to, to. Mkono ukagusa kishikio. Kilikuwa chini.

"Nikakipandisha tena, ndugu yangu," aliniambia akilia. "Hata pale, nikakipandisha tena."

Alipofika mlangoni, nyuma yake kikalia: ka! Akarudi, akakishika. Kilikuwa chini, kimelowa, na kina joto la kiganja cha mtu.