Kundi la Tusikilizane

Simu ya chama ilikuwa mezani ofisini, imezimika kwa kukosa chaji, maana Shelui nzima haikuwa na umeme tangu alfajiri. Ndiyo maana Aneth alishtuka alipoisikia ikizungumza, tena kwa sauti yake yeye mwenyewe: "Karibu. Tumekusikia." Chumba kikanuka tope bichi, wakati nje kulikuwa na vumbi tupu.

Aneth alikuwa ameajiriwa kushika simu hiyo msimu wa kampeni. Kazi yake ilikuwa kulisha kundi la wasapu lililoitwa Tusikilizane: mgombea akicheka, mgombea akila ugali, mgombea akiwa amebeba mtoto wa watu anayelia. Wananchi walijaa humo na maswali yao, lakini Katibu Chediel alikuwa na sharti moja. "Tunatuma, hatujibu. Ukimjibu mmoja, kesho wote watataka majibu." Tusikilizane, jamani! Jina lenyewe lilikuwa tusi.

Aliyeuliza kuliko wote ni Bi Dina wa Ulemo, mama mzazi wa Aneth. Hakujua kuandika, hivyo kila asubuhi alirekodi sauti: "Hodi humo ndani. Pampu yetu ya maji imekufa tangu mwaka jana. Mnatengeneza lini?" Kila asubuhi binti yake alimsikiliza, akatuma picha nyingine ya mgombea. Iliuma, lakini kazi ni kazi.

Umeme uliporudi, Aneth alilikuta lile "Karibu" kundini, chini ya hodi ya mama yake, limetoka kwenye namba ya chama. Siku zilizofuata sauti hiyo ilimjibu kila aliyeuliza, habari za barabara, mbolea, zahanati, kwa upole ambao chama hakijawahi kuwa nao. Nyuma ya maneno ilisikika ndoo ikiburuzwa na maji yakidondoka.

"Katibu, si mimi," Aneth alinong'ona. "Sijarekodi chochote."

"Nani kakuuliza? Watu wamefurahi! Mwache ajibu."

"Mwache nani?"

Chediel alichukua mabango ya mgombea, akatoka. Kwa kutojibu alikuwa bingwa.

Aneth akaenda Misigiri kwa mganga, Bibi Leah.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unanuka kisima, mwanangu?" Akasikiliza habari yote, akatikisa kichwa. "Watu wamewapigia hodi muda mrefu, ninyi kimya. Jini limeona mlango hauna mwenyewe, likaitika. Ubani wangu hautasaidia. Mwitikie mama yako wewe mwenyewe, kwa ukweli, wote wakisikia. Litatoka."

Alirudi ofisini mchana ule ule, na alipofungua mlango harufu ya tope ikamkaba koo, matone yakasikika ukutani, mezani, chini ya kiti chake, na simu ikawa inasema kwa sauti yake, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto, kwamba mama, maji yametoka kwenye kile kisima cha zamani, kile kilichotitia kikafunikwa kwa miiba, njoo na ndoo, mimi niko hapa nakusubiri.

Aneth aliinyakua simu, akarekodi. "Mama, huyo si mimi! Mimi ndiye Aneth. Usiende kisimani. Na pampu hatujui itatengenezwa lini. Hapa ofisini hakuna hata aliyeuliza."

Akatuma. Matone yakakoma. Harufu ikapotea, na kwa mara ya kwanza tangu kampeni zianze akavuta pumzi vizuri.

Mlango ukasukumwa. Chediel aliingia na simu yake mkononi, macho yamemtoka.

"Hakuna hata aliyeuliza? Unataka kutuua, uchaguzi ndio huu?"

"Katibu, mama yangu anakwenda kisimani! Iache sauti yangu!"

Chediel alimpokonya simu ya chama, akaifuta ile sauti aliyorekodi Aneth kwa watu wote. Ile nyingine, ya kumwita mama kisimani, akaiacha. Hiyo, alisema, inatia matumaini.

Tone moja likadondoka mezani.

Aneth alitoa simu yake mwenyewe, akampigia mama. Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa, na ndoo ikasikika ikiburuzwa juu ya mawe.

"Mama? Mama, ni mimi! Uko wapi?"

"Karibu," sauti ya Aneth mwenyewe ikamjibu. "Tumekusikia."