Filimbi ya Kumrudisha Bodza

Kila siku baada ya shule, Boróka alimfunga mbwa wake Bodza gogo dogo shingoni kabla ya kutoka naye. Ndivyo walivyofanya watu wa kijiji kile kwa mbwa anayekimbiza paa: gogo lilining'inia kwenye mkanda na kumgonga magoti kila alipotaka kutimua mbio. Bodza alikuwa mbwa wa kuwinda, mwekundu kama kutu. Nyumbani alikuwa mpole kupindukia, lakini akinusa paa, hakusikia la mtu.

Alikuwa amekwisha kuwakimbiza mara mbili. Mara ya pili mzee Kelemen, mlinzi wa wanyama wa msituni, alikuja mpaka mlangoni na bunduki yake.

"Mama Boróka," alisema, "paa majike wana mimba sasa. Nikimkuta mbwa wenu nyuma yao tena, nampiga risasi. Sheria inaniruhusu, na sitakuja kubisha hodi kwanza."

Tangu siku ile Boróka alikuwa na hofu isiyomtoka moyoni.

Alasiri moja Dénes, mwanafunzi mwenzake, alimwona njiani. "Wee Boróka! Unatembeza mbwa au unabeba kuni?" Wenzake wakaangua kicheko. "Maskini, karibu ataota matawi!"

Boróka aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Alipofika nyuma ya mashamba ya mizabibu, mahali pasipo na mtu, alilifungua gogo na kulitia kwenye mkoba. "Kidogo tu," alimnong'oneza Bodza. "Utulie, sawa?"

Bodza alitulia kweli. Kisha paa watatu wakachomoka kwenye majani marefu, na mbwa huyo akatoweka nyuma yao.

"Bodza! Bodza, rudi!" Aliita mpaka koo likamkauka. Alimsikia akibweka mbali, kisha mbali zaidi, kuelekea msituni. Halafu bunduki ikalia mara moja. Kubweka kukakoma.

Boróka alikimbia, akijikwaa kwenye matuta, huku machozi yakimziba macho. Amekufa, alijiambia. Amekufa, na mimi ndiye niliyemuua.

Mzee Kelemen alikuwa amesimama pembeni mwa msitu, uso umemwiva kwa hasira. Bodza alikuwa hai, amelala chini miguuni pake, anatetemeka mwili mzima.

"Nimepiga hewani," mzee alisema. "Kidole kimekataa. Siku nyingine hakitakataa. Gogo lake liko wapi?"

"Li... limekatika."

"Limekatika?"

Boróka aliushika mkoba wake. Alitaka kuendelea na uongo ule, akashindwa. "Hapana, mzee. Nimelifungua mwenyewe. Walikuwa wananicheka."

Mzee alirudi nyuma hatua moja. "Haya, mwite mbwa wako."

Alimwita. Bodza alibana mkia katikati ya miguu na kurudi nyuma. Jamani, woga uliompata Boróka hapo ulizidi hata ule wa bunduki. Mbwa wake alikuwa anamwogopa yeye!

Nyumbani mama alisikiliza yote. "Mara ile ya pili aliporudi, ulimfanya nini?"

"Nilimchapa kwa kamba."

"Basi anajua kwamba akija kwako atachapwa. Na hilo gogo, mwanangu, hata mimi nililitegemea kwa uvivu. Linamzuia miguu tu, halimfundishi kitu."

Mzee Kelemen aliwapa muda mpaka mavuno ya zabibu. Wakishindwa, Bodza ataondoka kijijini.

Wakaanza na kamba ndefu, filimbi, na vipande vya soseji ya ini. Filimbi ikilia na Bodza akaja, alipata soseji na sifa. Walianzia uani, wakaenda barabarani penye kuku, mwishowe kando ya mashamba, ambako paa walionekana kwa mbali. Siku nyingine Bodza alivuta kamba mpaka viganja vya Boróka vikachubuka. Mkono ulimwasha kumchapa, akajizuia.

Mavuno yalipoanza, mzee Kelemen alikuja na bunduki begani. "Mfungue."

Fundo lilimshinda Boróka, mama akamsaidia. Walitembea kando ya mizabibu. Ghafla paa jike na mtoto wake wakaruka mbele yao, na Bodza naye akaruka.

Boróka alipuliza filimbi, ikatoa pumzi tupu. Mdomo ulikuwa mkavu. Mzee akaishusha bunduki begani.

Alilamba midomo, akapuliza tena kwa nguvu zake zote.

Bodza alisimama. Aliwatazama paa, akamtazama Boróka, mwili wote ukimcheza. Kisha akageuka, akaja mbio na kumgonga tumboni kwa kichwa.

Mzee Kelemen alitoa risasi kwenye bunduki na kuzitia mfukoni.

"Siku ile ungeshikilia uongo wako, Boróka, leo mbwa huyu hangekuwepo," alisema. "Ulisema kweli huku unaogopa, ndipo tukajua pa kuanzia. Kisha ukafanya kazi ya kila siku bila fimbo. Sasa anakuja kwako kwa sababu anakuamini. Usimpotezee imani hiyo."

Boróka alipiga magoti, akampa Bodza kipande cha soseji na kumkumbatia.