Uhandisi wa Camille

Kila mwisho wa mwezi kanisani kwetu kuna chakula cha maharage, na kazi ya kuyachambua ni yangu. Ijumaa nikitoka shule nayamwaga mezani, natoa vijiwe na yaliyooza, kisha nayaloweka. Jumamosi Baba huyaoka kutwa nzima pamoja na nyama ya nguruwe, na jioni mji wetu mzima, unaoishi kwa kiwanda cha karatasi, hukutana ukumbini kula.

Ijumaa hiyo ya Oktoba sikuwa nimemaliza hata nusu, dada yangu Camille aliposukuma mlango. Hatukumtarajia. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, mwendo wa saa tatu kwa basi. Alikuwa amekonda, macho yamevimba.

"Baba yuko wapi?"

"Kiwandani. Mbona umekuja, Dada?"

"Sirudi tena, Elise. Nimeshindwa."

Sikushangaa, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mama yetu alifia ndani ya gari la wagonjwa, katikati ya theluji, kabla ya kufika hospitali. Mjini kwetu hakuna daktari anayekaa. Tangu siku ile Camille aliapa kuwa daktari, na mji mzima ukamshikilia kwa kiapo hicho. Lakini hapa Marekani huingii chuo cha udaktari ukitoka sekondari. Lazima kwanza uchukue shahada nyingine, miaka minne, ndipo uombe nafasi.

Camille alitaka kusoma Kifaransa, lugha ya Mama na ya wazee wengi wa hapa. Baba alimcheka. "Kifaransa? Mgonjwa utamchoma sindano ya mashairi?" Alikuwa amesikia kiwandani kwamba vyuo vya udaktari huchukua waliosoma masomo magumu kuliko yote. Basi ikawa uhandisi wa kemia, na Baba akautangazia ukumbi mzima.

Mwezi wa Agosti Camille aliniambia kwamba anafeli, akaniapisha nisiseme. Kila Baba alipouliza, "Dada yako anaendeleaje?" mimi nilijibu, "Vizuri tu." Nilijiona mtu mzima mwenye siri kubwa. Mjinga mimi!

"Jumanne ndiyo siku ya mwisho ya kujitoa kwenye masomo mawili yanayonizamisha," Camille alisema. "Ikipita, nitafeli yote mawili, na chuo kitanifukuza."

"Si ujitoe basi!"

"Nikijitoa, uhandisi umekwisha, na Baba atajua nilimdanganya mwaka mzima. Bora nirudi nyumbani nipate kazi ya kuogesha wazee kwenye makao yao. Nitasema nimechoka na chuo."

Kesho yake ukumbini, mzee Armand Cyr alinyoosha mguu wake mbele ya Camille. "Daktari wetu, hebu lione goti hili kabla sijalikata mwenyewe!"

Watu wakacheka. Baba akacheka kuliko wote. "Msubirini! Huyo anasoma uhandisi, si mchezo!"

Camille aliweka sahani chini, akatoka nje bila koti. Nilimkuta nyuma ya ukumbi ameegemea ukuta, anatetemeka.

"Ningekuwa naumwa wangenihurumia," alisema. "Lakini kufeli? Nani atanihurumia?"

Niliogopa. Sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile. Nikarudi ndani mbio mpaka jikoni, ambako Baba alikuwa anapakua, nikamwambia yote.

"Umejua tangu lini?" Baba aliuliza.

"Agosti."

"Miezi mitatu unakaa mezani pangu unanidanganya?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nililia mbele ya watu.

Kwenye sinki alikuwepo Daktari Weiss, mama anayekuja zahanati yetu kila Alhamisi. Alikuwa akiosha vyombo, na alisikia. Alijifuta mikono.

"Normand, nani alikuambia lazima uhandisi?" alimuuliza Baba.

"Watu wa kiwandani."

"Na wangapi kati yao ni madaktari? Mimi, kabla ya udaktari, nilisoma historia."

Tulitoka nje sote. Baba alimvika Camille koti lake mwenyewe. Daktari Weiss akauliza alama za biolojia na kemia. Zilikuwa nzuri. Za kutisha zilikuwa za uhandisi wenyewe.

"Sikiliza, binti. Vyuo vya udaktari vinataka biolojia, kemia, fizikia na mtihani wao wa kuingilia, na vinataka ufaulu vizuri. Shahada yenyewe unachagua, na ni vizuri uchague unayoiweza na kuipenda. Hakuna anayekupa zawadi kwa kujitesa."

Camille alijifuta macho.

"Ila sikufichi," daktari aliendelea. "Alama mbaya za mwaka jana hazifutiki, watazisoma zote. Utaongeza mwaka mmoja, pengine miwili, na bado wanaweza kukukataa. Ungeuliza mapema, tusingekuwa hapa."

"Nimemharibia mwanangu," Baba alisema. Akamfunga Camille vifungo vya koti.

Jumapili Baba alimrudisha chuoni kwa gari. Jumanne Camille alipiga simu: amejitoa kwenye yale masomo mawili, amehamia Kifaransa, na biolojia na kemia anaendelea nazo. Chuo kimemweka chini ya uangalizi mpaka mwisho wa mwaka. Akiteleza tena, basi.

Baba alikata simu, akavuta kiti karibu yangu.

"Elise, dada yako alikosea kudanganya. Mimi nilikosea zaidi. Nilimchagulia somo la kujivunia mimi, nikamfanya aogope kuniambia ukweli. Ukifika wakati wako, uliza wanaojua, halafu chagua mwenyewe. Umenisikia?"

"Ndiyo, Baba."

"Na mtu akikuomba umfichie jambo linalommaliza, usimfichie. Mama yako alificha maumivu yake siku tatu ili asitusumbue. Nilijua, nikanyamaza."

Hakuwahi kutuambia hayo. Nilimshika mkono.